Mapito ya atomu yamegoma kuingia kwenye flashi: nitoe nini, nibakize nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Ujiji, Kigoma, na nasoma shahada ya uzamili huku nikifundisha. Utafiti wangu ni wa mafuta ya mawese. Nimeigiza molekuli 200 za tripalmitini (mafuta yenye mikia mitatu ya asidi ya palmitiki) kwa GROMACS, programu ya kuigiza mwendo wa molekuli, kwenye seva ya chuo: nyuzi joto 80, nanosekunde 100, fremu moja (nafasi za atomu zote kwa wakati mmoja) kila pikosekunde 10. Nilipokwenda chuoni nilifungua mapito ya atomu, yaani mfululizo wa fremu hizo, kwa VMD (programu ya kuonyesha molekuli) nikayatoa kama PDB, fomati ya maandishi, moja kwa moja kwenye flashi ya GB 32. Ilipofika fremu ya 1,700 na kitu ikagoma, ilhali nafasi ilikuwepo. Nikatoa kama XYZ, fomati nyingine ya maandishi, nikafungulia kwenye Excel, zikaonekana fremu 33 tu. Hizo chache nilizoambulia nikazichorea grafu ya uhamaji: mstari unapanda haraka, kisha unainama, na kigezo cha mtawanyiko (kipimo cha kasi ya molekuli kusambaa) kinatoka kikubwa ajabu. Kwenye picha nako kuna molekuli zenye bondi ndefu zinazokatiza kisanduku kizima. Je, programu imeharibika? Ninunue diski kubwa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Programu ni nzima, na hela ya diski ibaki mfukoni. Kilichokukuta ni vitu kadhaa vilivyotokea kwa mpigo mmoja, kila kimoja kikikificha kingine. Tuvichambue, nikianza na flashi kwa kuwa ndiyo iliyokukatisha tamaa bure.

Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa FAT32, na mpangilio huo haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4 hata flashi ikiwa tupu. Sasa piga hesabu. Tripalmitini ni C51H98O6, yaani atomu 155. Mara 200, una atomu 31,000. Kwenye PDB kila atomu inachukua mstari wake wa herufi karibu 80, kwa hiyo fremu moja ni kama megabaiti 2.5. Gigabaiti 4 ukizigawa kwa hapo zinakupa fremu 1,700 na kitu, ndipo ulipogota. Ungeipanga upya flashi kwa exFAT (kumbuka inafuta kila kilichomo) faili lingeendelea, lakini lingeishia karibu gigabaiti 25, nawe ungerudi nyumbani na mzigo usiofunguka kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.

PDB haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni fomati ya tangu enzi za kadi za kutobolewa, zilizokuwa na safu 80, na ndiyo maana hadi leo kila namba ina safu zake maalumu: viwianishi vya x, y na z vinakaa safu ya 31 hadi 54, namba ya atomu imepewa tarakimu tano tu. Ilikusudiwa kubeba umbo la molekuli moja kubwa, mtu aweze kulisoma kwa macho. Ukiipa fremu elfu kumi, inarudia jina la kila atomu na la kila molekuli mara elfu kumi, wakati majina hayo hayajabadilika hata mara moja tangu uigaji uanze.

Linganisha na fomati za namba tupu. DCD inahifadhi baiti 4 kwa kila kiwianishi, sawa na baiti 12 kwa atomu. Fremu yako inakuwa kilobaiti 372, na fremu zote 10,001 zinafika gigabaiti 3.7. XTC, ambayo ndiyo ya GROMACS yenyewe, inazungusha kila kiwianishi hadi elfu moja ya nanomita, kisha inabana, na kwa kawaida faili lake huwa kama theluthi ya hapo. Wewe XTC unayo tayari kule kwenye seva, ina gigabaiti moja na kitu hivi. Kwa maneno mengine, ulichukua faili lililobanwa vizuri ukalifumua likawa kubwa mara ishirini, na hukuongeza taarifa hata moja.

Na hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Fungua ile PDB uliyoambulia utazame viwianishi. Utaona namba za aina ya 12.340, 45.670, 8.910. Tarakimu ya mwisho ni sifuri mstari baada ya mstari, kwa sababu PDB inaandika desimali tatu za angstromu, na XTC ilishazungusha kwenye desimali tatu za nanomita, ambazo ni mbili tu za angstromu. Usahihi uliokwisha kutupwa wakati wa kuandika haurudi kwa kubadilisha fomati.

Suala la Excel ni fupi. Karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576, basi. Fremu yako moja ya XYZ ni mistari 31,002: idadi ya atomu, mstari wa maelezo, halafu atomu zenyewe. Fremu 33 nzima zinaingia na ya 34 inakatwa katikati. Excel ni ya kuchorea grafu ya matokeo, si ya kubebea atomu.

Hapo ndipo kwenye neno langu hasa kwako. Kabla ya kutoa chochote nje ya programu, andika kwenye karatasi swali unalotaka data ikujibu, kisha toa kile tu kinachojibu swali hilo, na ukatakate kulekule data ilikozaliwa. Nimeona wanafunzi wengi wakihamisha kila kitu kwanza ndipo waanze kufikiri. Ukiwa na mtandao wa chuo unaweza kujifanyia hivyo. Ukiwa Ujiji na bando lako, huwezi.

Swali lako ni moja: molekuli za tripalmitini iliyoyeyuka zinatawanyika kwa kasi gani. Kwa swali hilo huna haja ya kutoa mapito kabisa. Ingia kwenye seva uandike:

gmx msd -s topol.tpr -f traj_comp.xtc -o msd.xvg -mol kwa_molekuli.xvg -trestart 1000 -xvg none

Hapo topol.tpr ni faili lililoanzisha uigaji wako na traj_comp.xtc ndiyo mapito yenyewe. Amri hii inakokotoa wastani wa mraba wa umbali ambao molekuli zimehama, na kwa kuweka -mol inafuata kitovu cha uzito cha kila molekuli badala ya kila atomu peke yake, ndicho unachotaka. Kuvuka kingo za kisanduku inakushughulikia yenyewe. Hiyo -xvg none ni kwa ajili yako wa Excel: bila hiyo faili linakuja na mistari inayoanza kwa # na @ ambayo Excel haielewi. Utakachopata ni safu mbili, muda na mraba wa umbali, faili dogo la kutumwa hata kwa WhatsApp. Programu ikichora mstari wa mteremko, kwa kawaida inatumia kipande cha kuanzia asilimia 10 hadi 90 ya muda. Wewe chora kwanza, tazama kwa macho ni wapi grafu imenyooka, kisha weka mipaka yako kwa -beginfit na -endfit. Mwanzoni molekuli bado inacheza ndani ya nafasi iliyoachiwa na majirani zake, haijahama kweli. Mwishoni sampuli ni chache na mstari unayumba.

Lakini najua utahitaji mapito yenyewe siku moja, kwa picha za tasnifu au kwa hesabu ambayo GROMACS haina. Kwa hiyo tuingie kwenye zile bondi ndefu na ule mstari unaoinama, maana asili yake ni moja.

Kisanduku chako, kwa molekuli 200 na msongamano wa mafuta yaliyoyeyuka, lazima kiwe na upande wa kama nanomita 6.8. Uigaji unakichukulia kama kinajirudia pande zote bila mwisho: atomu ikitoka ukuta wa kulia, nakala yake inaingia kwa ukuta wa kushoto. Fizikia haijui tofauti, lakini faili linaandika mahali atomu ilipo ndani ya kisanduku tu. Ni kama kisoma kilomita cha bodaboda kuukuu: kikifika 99999 kinarudi 00000, na anayekisoma bila kujua kimezunguka mara ngapi ataapa pikipiki ilirudi nyuma hadi dukani.

Tazama atomu moja. Pikosekunde ya 4,310 ipo kwenye x = 6.74. Pikosekunde ya 4,320 ipo kwenye x = 0.03. Kiuhalisia imesogea chini ya sehemu moja ya kumi ya nanomita, ila hesabu yako inaona mruko wa nanomita 6.71, ambao ukiupiga mraba unazidi 45. Atomu chache tu za pembeni zikifanya hivyo, wastani unapaa tangu mwanzo. Kisha mstari unainama kwa sababu ndani ya kisanduku umbali una kikomo: ukiacha mapito yaliyokunjwa yaendelee muda mrefu vya kutosha, mraba wa umbali unaelekea kwenye nusu ya mraba wa upande wa kisanduku, kwako kama nanomita za mraba 23, na hauendi zaidi. Ukiona grafu ya mtawanyiko inaelekea kwenye nusu ya mraba wa kisanduku, acha kutafuta maelezo ya kikemia. Mapito yamekunjwa.

Bondi ndefu ni jambo hilohilo kwa sura nyingine. Molekuli yenye mikia mitatu ya kaboni 16 ikikaa mpakani, mkia mmoja unaandikwa upande wa pili wa kisanduku. VMD inajua atomu hizo mbili zimeungana, basi inachora fimbo kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna bondi iliyovutika.

Dawa yake ina hatua tatu, na mpangilio wake usiupindue:

gmx trjconv -s topol.tpr -f traj_comp.xtc -o nzima.xtc -pbc whole

gmx trjconv -s topol.tpr -f nzima.xtc -o mwanzo.gro -dump 0

gmx trjconv -s mwanzo.gro -f nzima.xtc -o bilaruka.xtc -pbc nojump

Kila ukiulizwa kundi, jibu System. Ya kwanza inaunganisha molekuli zilizokatwa na kingo. Ya pili inachomoa fremu ya mwanzo ambayo sasa ni nzima, iwe kianzio. Ya tatu inafuata kila atomu kutoka fremu hadi fremu, na ikiona imeruka, inairudishia upande wa kisanduku uliopotea. Ukifungua bilaruka.xtc kwenye VMD utaona molekuli zimesambaa nje ya kisanduku. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Hatua hiyo ya tatu inakisia, na makisio yake ni haya: atomu iliyosogea zaidi ya nusu ya kisanduku kati ya fremu mbili imeruka ukuta. Kwa hiyo ifanye ukiwa bado na fremu zako zote, kabla ya kuzipunguza. Kwa mafuta mazito kama yako hatari ni ndogo, lakini mwenzako anayeigiza maji asithubutu. Maji ya nyuzi joto 25 yana kigezo cha mtawanyiko cha 2.3 × 10⁻⁹ m²/s, kwa hiyo ndani ya nanosekunde moja molekuli ya maji inahama kwa wastani nanomita 3.7, ambayo ni zaidi ya nusu ya kisanduku kama chako. Akihifadhi fremu moja kila nanosekunde, hakuna amri itakayoweza kumkunjulia mapito hayo kwa haki.

Tena, kama uliendesha kwa shinikizo thabiti, kisanduku kilikuwa kinapanuka na kunywea kila hatua, na kukunjua mapito marefu ya namna hiyo kunazalisha kosa linalokua kadiri muda unavyokwenda. Kwa mtawanyiko mimi huwa nashauri hivi: tumia shinikizo thabiti kupata ukubwa wa wastani wa kisanduku, kisha funga kisanduku hapo na uendeshe uigaji wa vipimo kwa ujazo thabiti. Kama bado una muda wa seva, rudia hivyo.

Kuna kitu kingine utakutana nacho kwenye maelezo ya watu, nacho ni -fit rot+trans, kinachozungusha na kusogeza kila fremu ilingane na ya kwanza. Kwa protini ni kizuri sana, picha inatulia. Kwa mtawanyiko ni sumu, kwa sababu kinafuta mwendo uleule unaotaka kuupima. Na hata kwa protini, kitumie mwisho kabisa, kwa amri yake peke yake. Ukishazungusha atomu, kisanduku hakilingani nazo tena, na amri yoyote ya -pbc itakayofuata itaharibu.

Sasa upunguze. Hamna maji ya kutupa kwenye mfumo wako, lakini haidrojeni ni 98 kati ya atomu 155. Kwa picha na kwa kazi nyingi za umbo la mikia, kaboni na oksijeni zinatosha. Andika gmx make_ndx -f topol.tpr -o nzito.ndx, ikikuuliza andika !a H* halafu q. Kisha:

gmx trjconv -s topol.tpr -f bilaruka.xtc -n nzito.ndx -o ndogo.xtc -dt 100

gmx trjconv -s topol.tpr -f bilaruka.xtc -n nzito.ndx -o ndogo.gro -dump 0

Chagua lile kundi jipya mara zote mbili. Umebaki na atomu 57 kwa molekuli na fremu 1,001, na faili litakuwa la kama megabaiti 50. Hiyo ndogo.gro si pambo. XTC na DCD hazibebi majina ya atomu wala hazijui ipi imeungana na ipi. Ni viwianishi kwa mpangilio, mwisho. Ukizifungua na faili la majina lenye idadi tofauti ya atomu, programu itakataa, na hiyo ndiyo bahati. Balaa ni idadi ikilingana na mpangilio ukawa tofauti: programu itapokea kimya, na utakuwa umechora oksijeni mahali pa kaboni. Kila faili la mapito liende na mwenzake aliyetolewa kwa kundi lilelile la atomu.

Na PDB je, haina kazi? Inayo. Chomoa molekuli moja, atomu 155, fremu 200. Hiyo haifiki hata megabaiti 3, inafunguka karibu kila mahali, na wanafunzi wako wa kidato cha tano wataona mikia ya asidi ya palmitiki ikijikunja na kujikunjua. Wale wanaokaa jirani na wakamuaji wa mawese wanajua chupa ikikaa chini inajigawa, mafuta mekundu juu na yaliyoganda chini. Kuwaonyesha kwamba sehemu inayoganda ina wingi wa mikia iliyonyooka ya namna hiyo ni somo linalokaa kichwani.

Vipimo. GROMACS inaandika nanomita na pikosekunde. PDB, DCD na VMD ni angstromu. Kwenye Python kuna maktaba mbili za kusoma mapito: MDTraj inakupa nanomita, MDAnalysis inakupa angstromu, hata kama zimefungua faili lilelile. Nanomita moja ni angstromu 10, na mtawanyiko unatumia mraba wa umbali, kwa hiyo anayesahau anakosea mara 100. Wewe ulisoma namba kutoka PDB na XYZ ya VMD. Kama kwenye mhimili uliandika nanomita za mraba, kigezo chako "kikubwa ajabu" kimepata maelezo yake ya pili juu ya yale ya kukunjwa. Kwa rekodi: mteremko wa grafu ukiwa katika nm²/ps, ugawe kwa 6, kisha uzidishe kwa 10⁻⁶ upate m²/s.

Muda nao unapotea kimyakimya. VMD inahesabu fremu kuanzia 0, haijali pikosekunde, na ukitoa DCD au XYZ kupitia kwake muda wa XTC hauendi nao. XYZ ya kawaida inapoteza na kisanduku vilevile. Andika mahali "fremu 1 = ps 10" kabla hujasahau, kwa sababu ukishapunguza kwa -dt 100 itakuwa "fremu 1 = ps 100", na baada ya miezi miwili hutakumbuka faili lipi ni lipi.

Kasi za atomu hazimo kwenye XTC, na huwezi kuzipata kwa kutoa nafasi mbili na kugawa kwa muda. Bondi ya kaboni na haidrojeni inatetemeka mara moja kila femtosekunde 11 hadi 12 hivi. Fremu zako zimeachana femtosekunde 10,000. Ukihitaji siku moja kulinganisha na spektra ya infraredi, endesha uigaji mwingine mfupi, pikosekunde 50 zinatosha kuanzia, ukihifadhi kasi kwenye TRR, fomati ya GROMACS inayobeba na kasi, kila femtosekunde 4 au 5. Ila kama kwenye mpangilio wako umefunga bondi za haidrojeni ili utumie hatua ya femtosekunde 2, mtetemo huo haupo kabisa wa kuupima. Itabidi uzifungue na upunguze hatua.

Kwa wasomaji wanaotumia LAMMPS, programu nyingine ya uigaji, mambo ni hayohayo kwa majina mengine. Omba xu, yu, zu badala ya x, y, z, na mapito yatatoka yamekunjuliwa tangu mwanzo bila kukisia. Ongeza dump_modify na sort id, kwa sababu bila hiyo mpangilio wa atomu unaweza kubadilika kati ya fremu na fremu. Na faili lake linaandika namba ya hatua, si muda, kwa hiyo urefu wa hatua uujue wewe.

Kuhusu kusafirisha: usisubiri mpaka usafiri uende chuoni. Kwa ndogo.xtc ya megabaiti 50 mtandao wa simu unatosha. Tumia rsync -avP badala ya scp. Mtandao ukikatika, unaandika amri ileile tena na inaendelea ilipoachia badala ya kukuanzishia bando upya. Ikishafika, endesha sha256sum, inayotoa alama ya pekee ya faili, pande zote mbili ulinganishe, kisha gmx check -f ndogo.xtc ikuhesabie fremu. Ikisema 1,001, na muda wa mwisho ni 100,000, umepokea kamili. Amri ndefu kama ile ya nojump ianzishe ndani ya tmux kule kwenye seva, ili umeme wa nyumbani ukizimika kazi iendelee na wewe uingie baadaye kuikuta.

Msimamizi wako siku moja atakwambia umpelekee data ghafi. Usimpelekee ndogo.xtc, wala ile PDB. Mpe traj_comp.xtc ya asili, topol.tpr, faili la mdp (mipangilio ya uigaji), faili la topolojia pamoja na vigezo vya uga wa kani (kanuni za nguvu kati ya atomu) ulivyotumia, na karatasi moja ya maandishi yenye amri zote hapo juu kwa mpangilio uliozitumia na toleo la GROMACS. Vyote vikikaa kwenye seva ya chuo, mpe njia ya kuingilia tu. Nakala ya pili ya traj_comp.xtc iweke kwenye ile flashi yako ya GB 32. Haifiki gigabaiti 4, itaingia bila kuipanga upya.